Tabaka Lisilo na Kitenzi: Uhakiki wa Istilahi ‘Tabaka la Kati’ katika Fasihi na Nyaraka za Sera za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki matumizi ya istilahi ‘tabaka la kati’ katika nyanja mbili ambazo kwa kawaida hazisomwi pamoja: uhakiki wa riwaya na hadithi fupi za Kiswahili zinazofundishwa shuleni na vyuoni, na nyaraka za sera zinazohusu uchumi wa Uganda na majirani zake. Inadaiwa hapa kwamba nyanja zote mbili zinashindwa kumwona mtu yuleyule, yaani mwenye mshahara au biashara ndogo ambaye jana alijiweza na leo anateleza. Uhakiki unamfuta kwa sababu ulirithi jamii ya matabaka mawili. Sera zinamfuta kwa kutangaza mapema mno kwamba amefika. Makala inaonyesha pia kwamba lugha ya mitaani imekwisha kumpa mtu huyu maneno, na kwamba maneno hayo aghalabu si nomino bali ni vitenzi.

Swali la darasani

Nilikuwa nikifundisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2017) kwa wanafunzi wanaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili hapa Kampala. Zoezi lilikuwa la kawaida, la aina inayopatikana katika mwongozo wowote: wagawe wahusika kwa matabaka yao. Ubao uligawanywa sehemu mbili, matajiri kushoto na maskini kulia, na majina yakaanza kupangwa. Tulipofika kwa Ridhaa tukakwama. Ridhaa ni daktari. Alisoma, akajenga, akalea familia; kisha, katika ghasia zinazofuata uchaguzi, nyumba yake ikateketezwa pamoja na watu wake, naye akajikuta katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Mwanafunzi mmoja akauliza: “Akiwa kambini, mwalimu, ni wa tabaka gani?” Mwingine akapendekeza aandikwe pande zote mbili. Wa tatu akasema aandikwe kwenye mstari wenyewe unaogawa ubao.

Jibu la huyu wa tatu lilichekwa, lakini ndilo lililonituma kuandika makala hii. Tunao wahusika wengi, na raia wengi zaidi, wanaoishi juu ya mstari huo. Hatuna safu ya kuwaandika.

Urithi wa matabaka mawili

Haikuwa bahati mbaya kwamba ubao uligawanywa mara mbili. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kama tunavyoufundisha ulipata umbo lake katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati jamii ilipoelezwa kwa jozi: mnyonyaji na mnyonywaji, bepari na mvuja jasho, kabaila na mkulima, kupe na ng’ombe. Riwaya zenyewe ziliuunga mkono mgawo huo. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), Shafi Adam Shafi alichora mwinyi na mtumishi wake, tajiri wa bandari na mpakuzi wake. Zilikuwa kazi za wakati wake, na sidhani kwamba zingekuwa bora kama zingeongeza karani katikati.

Aliyekuwapo katikati alitajwa kwa dharau. Aliitwa kibwanyenye, au bepari uchwara. Kiambishi cha kudunisha katika neno la kwanza na kivumishi katika la pili vinafanya kazi moja: vinatuambia kwamba mtu huyu ni adui yuleyule, ila mdogo. Mitaani aliitwa naizi, aliyekalia kiti cha mkoloni baada ya naizesheni. Akipanda cheo zaidi, mbenzi. Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, aliwaona watendaji waliodhibiti dola na mashirika ya umma kuwa ni mabwanyenye wa kirasimu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa mkurugenzi wa shirika. Kwa mwalimu wa shule ya msingi wa Bukoba, aliyekuwa pia na mshahara wa serikali na kalamu mfukoni, haikuwa na la kusema.

Urithi huu haujakoma. Hadithi ya Said Ahmed Mohamed, ‘Tumbo Lisiloshiba’, iliyoipa jina diwani ya mwaka 2016, inatuonyesha Jitu linalokula kila kitu katika mkahawa wa Madongoporomoka, na wakazi wanaongoja kunyang’anywa ardhi yao. Ni istiara kali, na inastahili kusomwa. Lakini ni istiara ya tumbo na chakula. Baina yao hamna mtu wa tatu. Katika diwani hiyohiyo kuna hadithi nyingine, ‘Mapenzi ya Kifaurongo’ ya Kenna Wasike, inayomhusu Dennis Machora, kijana wa familia maskini aliyefika chuo kikuu, akapata shahada, kisha akakaa muda mrefu bila kazi. Miongozo mingi husoma hadithi hii kama kisa cha mapenzi kati ya maskini na tajiri. Mimi naisoma kama kisa cha mlango. Dennis amelipia tikiti ya kuingia tabaka la kati kwa sarafu pekee aliyoambiwa inakubalika, elimu, na mlangoni anaambiwa ukumbi umejaa. Si wa tabaka alilotoka tena, maana hawezi kurudi kulima bila aibu. Wala hajaingia kwingine.

Liko jambo jingine katika riwaya zetu linalomziba mtu wa kati, na nadhani halijatajwa vya kutosha. Mtu akianguka katika riwaya ya Kiswahili, kwa kawaida ameadhibiwa. Maksuudi wa Utengano (1980) anaanguka kwa sababu ya ukatili na ufisadi wake. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi (1975) anatajirika, mali yake inaguswa na siasa mpya, anaua na kuhukumiwa kifo. Mwalimu Majisifu wa Kidagaa Kimemwozea ni mlevi na mwizi wa mswada wa mwenziwe. Msomaji aliyelelewa na kazi hizi hutafuta kosa kila aonapo anguko. Lakini mwenye kipato cha kati haanguki hivyo. Huanguka bila kutenda dhambi, kwa karo ya muhula wa pili, kwa mama aliyelazwa hospitali, kwa pango lililopanda. Anguko lake halina kilele wala fumbuo, kwa hiyo ni gumu kulisimulia. Na kwa kuwa halisimuliwi, msomaji wetu, ambaye siku moja huenda akawa mshauri wa waziri, hukua akiamini kwamba aliyeteleza lazima alikuwa mzembe. Ridhaa ni mmoja wa wachache wanaoivunja kanuni hiyo, ingawa yeye naye alihitaji moto na mauaji ili aanguke.

Kutoka tusi hadi sifa

Kisha neno likageuka. Aprili 2011, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa waraka mfupi uliosema kwamba takriban asilimia 34 ya Waafrika, watu milioni 313, walikuwa wa tabaka la kati kufikia mwaka 2010. Magazeti ya dunia yaliushangilia, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mkutano wa wawekezaji uliofunguliwa bila takwimu hiyo. Aliyekuwa kibwanyenye sasa akawa tumaini la bara: mlaji, mlipakodi, mpenda demokrasia.

Tuusome waraka huo kama tunavyosoma matini yoyote. Tabaka la kati lilifafanuliwa kuwa ni watu wanaotumia kati ya dola 2 na dola 20 kwa siku kwa kipimo cha uwezo wa kununua. Ndani ya kundi hilo waraka wenyewe ulikiri kwamba asilimia 60 hivi walikuwa kati ya dola 2 na 4, na kwamba hawa walikuwa wameuvuka umaskini kwa shida tu na wangeweza kurudi wakipata msukosuko wowote. Yaani zaidi ya nusu ya tabaka lililotangazwa lilitangazwa pamoja na tahadhari, na waliosafiri na takwimu hawakusafiri na tahadhari. Miaka minne baadaye, Juni 2015, kampuni ya Nestlé ilitangaza kupunguza asilimia 15 ya wafanyakazi wake katika nchi 21 za Afrika, ikieleza kwamba tabaka la kati lilikuwa dogo kuliko ilivyodhani na kwamba halikui. Mwezi uliofuata kituo cha utafiti cha Pew, kilichotumia kipimo cha dola 10 hadi 20 kwa siku, kilikuta kwamba ni asilimia 6 tu ya Waafrika waliokuwa na kipato cha kati mwaka 2011. Milioni kadhaa za watu walipotea bila kufa wala kuhama. Walifutwa kwa kalamu ileile iliyowaumba.

Kwa mwanaisimu, linalovuta zaidi katika waraka wa 2011 ni jina walilopewa hao wa dola 2 hadi 4. Kwa Kiingereza waliitwa kwa neno lenye maana ya kuelea. Nilikutana na jina hilo kazini. Taasisi moja ya kikanda ilituita wafasiri watano kuandaa Kiswahili cha hojaji ya kaya pamoja na faharasa yake, na mwenzetu mmoja, mfasiri mzuri, akaandika ‘tabaka linaloelea’. Kisarufi hakuna kosa. Kimaana ni maafa. Katika Kiingereza cha waraka ule, kuelea ni kukosa nanga. Katika Kiswahili, lugha ya watu wa majahazi, kuelea ndiyo fahari ya chombo: vyaelea, vimeundwa. Kinachoelea kimeshikana mbao zake na hakivuji. Msomaji wa Kiswahili anayekutana na ‘tabaka linaloelea’ ataelewa kwamba watu hao wako salama majini. Tulibishana nusu siku.

Neno tabaka nalo lina lake. Tulilichukua kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kilichopangwa juu ya kingine: tabaka la udongo, tabaka la mwamba. Lililo tabaka limetulia. Unaweza kulipima unene, unaweza kusema liko chini au juu, lakini huwezi kusema linateleza bila kuleta picha ya maporomoko. Nyaraka za sera zilihitaji istilahi ya mwendo, zikapewa istilahi ya jiolojia.

Nchi ya kati, watu wa wapi?

Mkanganyiko uliongezeka lilipoingia neno ‘kati’ la pili. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa kuwa pato ghafi la taifa kwa kila mtu lilifika dola 1,080 mwaka 2019, huku kizingiti kikiwa dola 1,036. Furaha ilikuwa ya haki. Lakini katika Kiswahili cha redio na cha vijiwe vya kahawa, ‘tumeingia uchumi wa kati’ na ‘tumekuwa watu wa kati’ yalikaa karibu mno, na mzaha uliofuata wa watu kujipekua mifukoni haukuwa wa mzaha tu. Wastani wa nchi haumwambii mtu lolote kuhusu kikapu chake. Nchi inaweza kuvuka kizingiti huku watu wake wa kati wakipungua, mradi walio juu wapande vya kutosha.

Kwetu Uganda jambo hilo lilikuja kwa namna ya ajabu zaidi. Mpango wa Pili wa Maendeleo ya Taifa ulikuwa umelenga hadhi ya kipato cha kati ifikapo 2020. Juni 2022 Rais alitangaza kwamba pato la kila Mganda limefika dola 1,046 na kwamba nchi imeingia. Mwezi uliofuata orodha mpya ya Benki ya Dunia ikaiacha Uganda katika kundi la nchi za kipato cha chini: kipimo cha benki si kilekile, na kizingiti kilikuwa kimesogea. Mjadala ukawa kuhusu nani amehesabu sawa. Sikumbuki kikao kimoja kilichouliza kama idadi ya watu wanaoweza kulipa karo bila kukopa ilikuwa imeongezeka au imepungua.

Na takwimu zetu wenyewe zilikuwa na la kusema. Ripoti ya Hali ya Umaskini ya Uganda ya mwaka 2014 iligawa watu mafungu matatu kwa takwimu za 2012/13: maskini asilimia 19.7, wasio maskini lakini wasio na uhakika, asilimia 43.3, na tabaka la kati, asilimia 37. Hao wa pili ni wale ambao matumizi yao yanazidi mstari wa umaskini lakini hayafiki mara mbili yake. Naisifu ripoti hiyo. Ni nadra waraka wa serikali kukiri kwamba fungu kubwa kuliko yote ni la watu walio ukingoni. Hata hivyo mgawo huo una dosari mbili. Ya kwanza ni kwamba mstari wenyewe uliwekwa miaka ya 1990 na ni wa chini sana, kiasi kwamba kuuzidi mara mbili hakutoshi kumfanya mtu kuwa wa kati kwa maana yoyote ambayo jirani yake angeitambua. Ya pili ni ya lugha: fungu kubwa kuliko yote linatajwa kwa vikanushi viwili. Si maskini, hana uhakika. Hakuna anayeweza kujitambulisha kwa namna hiyo, na kwa hiyo hakuna anayeweza kudai haki kwa jina hilo. Utafiti uliofuata, wa 2016/17, ulikuta umaskini umepanda hadi asilimia 21.4, na kipimo cha Gini kimepanda kutoka 0.395 hadi takriban 0.42. Mjadala wa hadhara ulihesabu ‘maskini wapya’. Maskini hao walitoka katika fungu lisilo na jina, na kutoka kwao hakukuwa habari.

Jedwali la kodi na mwalimu wa sanaa

Kama kuna waraka wa serikali unaojua barabara ni nani aliye wa kati, ni jedwali la kodi ya mshahara. Tangu Julai 2012, mshahara wa hadi shilingi 235,000 za Uganda kwa mwezi hautozwi kodi. Ukipita hapo kiwango ni asilimia 10, kisha 20, na kwa kila shilingi inayozidi 410,000 ni asilimia 30. Nyongeza ya asilimia 10 haiji mpaka mtu avuke shilingi milioni 10. Kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya sukari, mafuta na pango zikipanda, ngazi hizo zilibaki mahali pake.

Tuchukue mshahara wa shilingi 1,100,000, ambao ni karibu na aliokuwa akilipwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya masomo ya sanaa mwaka 2022. Kodi yake ni 232,000. Yeye na meneja wa 9,900,000 wanatozwa kiwango kimoja kwenye shilingi yao ya mwisho. Mwenye nyumba za kupangisha, kwa upande wake, tangu Julai 2022 hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka. Ni kweli kwamba hutozwa bila kuondolewa gharama, na kwamba kulinganisha kodi mbili si jambo jepesi. (Kiswahili, ni vyema ikumbukwe, hutumia neno moja, kodi, kwa anachopokea mwenye nyumba na kwa anachopokea serikali, mpangaji mwenye mshahara anazijua zote mbili.) Lakini mwelekeo hauhitaji mhasibu: anayeishi kwa mshahara hubeba kiwango cha juu mapema sana, anayeishi kwa mali hubeba cha chini.

Naomba nikae kidogo kwa mwalimu huyu, kwa sababu ndiye anayetuhusu sisi tuliokutana katika kongamano la Kiswahili. Mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4. Mwalimu wa sanaa aliachwa alipokuwa. Juni 2022 walimu waligoma. Mapema Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi wapenzi wa lugha tulipongezana, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopongezana. Ilichukua muda kabla sijaziweka habari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja: mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa. Tulikuwa tumepata somo la lazima litakalofundishwa na mtu ambaye, katika chumba kilekile cha walimu, analipwa karibu robo ya mshahara wa mwenzake.

Mtu huyu si maskini kwa kipimo chochote cha ripoti. Ana shahada, simu nzuri, pengine kiwanja alichonunua nusu. Ana pia mkopo wa mshahara, unaokatwa kabla mshahara haujamfikia; na ukitokea ugonjwa, anaweza kuikabidhi kadi yake ya benki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri, ili mkopeshaji ajilipe mwenyewe mwisho wa mwezi. Desturi hiyo inajulikana kwa kila anayefanya kazi na walimu. Katika hojaji ya kaya ataonekana katika tabaka la kati. Kipimo cha matumizi hakiulizi fedha zilizotumika zilikuwa za nani.

Vitenzi vya mitaani

Wakati wasomi wakibishana juu ya nomino, wazungumzaji walikuwa wamekwisha kufanya kazi. Kiswahili kina msamiati mpana wa chini: maskini, fukara, hohehahe, kabwela, mlalahoi. Sharia ya zaka iliwafundisha watu wa pwani zamani kutofautisha fukara na maskini, na kumweka mwenye deni katika fungu lake peke yake, jambo ambalo takwimu zetu bado hazijalifikia. Juu pia kuna majina tele. Katikati ni kwembamba. Tunayo maneno kama mtu wa kadiri na mwenye nafasi, lakini la maana zaidi ni kitenzi: kujiweza.

Kujiweza ni istilahi ambayo hakuna kamati iliyoiunda. Kirejeshi chake kinabeba nadharia nzima: anayejiweza ni yule ambaye akipatwa na jambo, hutegemea uwezo wake kabla ya kwenda kwa mtu. Hakutajwi dola wala gari wala mtaa. Na kwa kuwa ni kitenzi, kinapokea wakati na ukanushi: alikuwa akijiweza, hajiwezi tena, ataweza kujiweza. ‘Tabaka la kati’ haliwezi kufanyiwa hivyo. Waganda wengi humtaja raia wa kawaida kwa Kiluganda kuwa ni omuntu wa bulijjo, mtu wa kila siku, na humo pia kipimo ni wakati, si ngazi.

Anguko nalo limepata vitenzi vyake. Mtu hubangaiza, huungaunga. Nchini Tanzania mikopo ya riba kubwa imepewa jina la kausha damu, na mingine mikopo umiza. Majina hayo yameundwa kwa kitenzi na yana mtendwa ndani yake. Nchini Kenya, tangu Januari 2019, kitenzi cha kale kufuliza, kufanya jambo mfululizo bila kukoma, kimegeuzwa na huduma ya mkopo wa simu kuwa kitenzi cha kutumia fedha usizo nazo. Sasa mtu husema ‘nimefuliza’ ili kukuarifu, bila kulalamika, kwamba mwezi umemshinda. Mwanaleksikografia akikusanya vitenzi hivi kwa miaka atakuwa na rekodi ya kupungua kwa tabaka la kati iliyo sahihi kuliko baadhi ya tafiti tulizo nazo.

Siasa iliisikia lugha hii mapema kuliko sera. Katika kampeni za Kenya za mwaka 2022, neno hasla lilisimamishwa dhidi ya familia za watawala wa zamani. Kwa mhakiki, lilikuwa ni ule ubao wa sehemu mbili umerudi: hasla alikuwa msukuma mkokoteni, na pia mfanyabiashara wa mamilioni, na pia mwalimu mwenye mkopo. Neno liliwaweka pamoja wakati wa kura na halikuweza kuwatofautisha wakati wa kodi. Juni 2024, wakati vijana, wengi wao wenye elimu, walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha mpaka Rais akakataa kuutia saini tarehe 26, wachambuzi wengi walisema kizazi kipya kimezuka. Umri uliwaonekania kwa urahisi. Kwamba wengi wao ni akina Dennis Machora, watu wa mlangoni, lilisemwa mara chache.

Hojaji

Nirudi kwenye ile kazi ya ufasiri. Mahali pa ‘tabaka linaloelea’ nilipendekeza ‘kaya zilizoponea’, kutokana na kuponea chupuchupu. Kwa wale wa ripoti yetu ya vikanushi viwili nilipendekeza hilohilo, kwa kuwa ni watu walewale. Niliomba pia swali linalomtaka mhojiwa ajiweke katika tabaka la juu, la kati au la chini liondolewe, maana kwa uzoefu wangu Waswahili wengi hujibu ‘la kati’ kwa adabu, tajiri akiogopa kujivuna na maskini akikwepa kuaibika. Badala yake nikaandika: Mwezi ukikuishia kabla ya fedha nyingine kuingia, huwa unafanya nini?

Faharasa ilirudi na ‘tabaka la kati la chini’, kwa maelezo kwamba istilahi lazima zilingane na za nyaraka nyingine. Swali la matabaka limebaki. Swali langu limekubaliwa na kuwekwa mwishoni mwa sehemu ya matumizi, likiwa na majibu manne ya kuchagua: kukopa kwa ndugu, kukopa kwa mkopeshaji, kuuza mali, kupunguza chakula. Nimeandika kuomba liongezwe la tano, kumsimamisha mtoto shule. Bado sijajibiwa, na wahojaji wataanza kazi mwezi ujao.